Mwekezaji anataka hati ya nyumba yetu Kariakoo, na kaka yuko tayari kusaini

Ndugu Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, lakini shida yangu iko Kariakoo kwenye nyumba ya marehemu baba. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, choo na jiko uani, na mbele fremu moja tuliyompangisha muuza vitenge. Mama bado anaishi humo. Kodi ya fremu na ya vyumba vitatu ndiyo inayomlisha na kumnunulia dawa za presha.

Mtaani kwetu nyumba za namna hiyo zimebaki za kuhesabu. Huku ghorofa, huku ghorofa. La kushoto viyoyozi vyake vinadondosha maji juu ya bati letu mchana kutwa, na tangu walipochimba chini kutengeneza stoo, ukuta wa chumba cha mama una ufa unaopitisha kidole. Tangu lile jengo liporomoke Kariakoo Novemba 2024 likaua watu, simu ya mama ikiita usiku napokea huku natetemeka.

Sasa amekuja mwekezaji. Hataki kununua, anataka ubia: sisi tutoe kiwanja, yeye ajenge ghorofa tisa. Fremu zote za chini na ghorofa ya kwanza na ya pili ziwe zake kwa miaka 20, sisi tupewe ghorofa mbili "za juu". Zipi? Rasimu ya mkataba haisemi. Na za katikati je? Nilipouliza nikaambiwa hayo tutaelewana mbele ya safari. Anayeijua Kariakoo anajua pesa iko chini. Fremu ya chini mtu anakupa kilemba, pesa ya kupata nafasi tu, kabla hata ya kodi, huko juu wanapangisha stoo za mizigo.

Kinachonitisha zaidi ni hati. Anataka akabidhiwe aiweke rehani benki, apate mkopo wa kujengea. Akishindwa kulipa, si kiwanja cha baba ndicho kitakachopigwa mnada?

Tumezaliwa watano, wa kiume wawili na wa kike watatu. Kaka mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo ilimteua baada ya kikao cha ukoo, baba alipofariki 2019. Mpaka leo hajapeleka mahakamani fomu namba 5 (orodha ya mali za marehemu) wala namba 6 (hesabu za mirathi), zilizotakiwa ndani ya miezi minne. Hakuna aliyepewa fungu lake, hata thumuni ya mama, ile moja ya nane ya mjane Kiislamu, haijatajwa popote. Yeye anasema usimamizi wake unatosha kusaini peke yake. Mdogo wetu wa kiume anamuunga mkono kwa kuwa ameahidiwa fremu (kwa mdomo tu, lakini anatembea kama mwenye duka). Dada zangu wanasema bora tuuze tugawane, yaishe.

Mama aliuliza kikaoni: "Mkinipandisha ghorofa ya nane, jeneza langu litaenea kwenye lifti?" Watu wakacheka. Wakati wa ujenzi wanataka wampangie chumba Chanika, ambako hamjui hata jirani mmoja. Msikiti wake, wenzake wa barazani, duka la dawa linalomkopesha, vyote viko hapa.

Sipingi ghorofa. Kodi ya ardhi yenyewe tunailipa kwa kuchangishana, na ule ukuta hausubiri. Ila naomba unisaidie: kaka anaweza kweli kusaini bila sisi warithi? Naweza kwenda mahakamani kudai fomu zile zipelekwe kwanza? Kuna ubia ambao hati haiendi benki, na sehemu zetu zikapata hati zake kwa ile sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu za jengo? Mwekezaji anasema mwanasheria wake anatutosha sote, tusiingie gharama. Hilo nalo nalitilia shaka.

Tafadhali nijibu mapema. Juzi kaka ameanza kuwapa wapangaji notisi.

Binti wa Kariakoo
Dar es Salaam