Bahasha ya Risiti

Amarillo, Texas
Jumapili, 8 Februari 2026

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo ndio unalalamika kama kawaida yake. Nimeegesha hapa tangu jana usiku nikingoja saa zangu 34 za mapumziko zitimie, kwa hiyo nimepata utulivu wa kusikiliza ujumbe wako wa sauti mara mbili. Hiyo bahasha imenichekesha. Mwaka mzima umekusanya risiti za buti, glavu, tochi, GPS, friji ndogo ya kwenye kebini na chakula cha kila kituo cha malori kati ya Ohio na California, na sasa unauliza zitakupunguzia kodi kiasi gani.

Hazikupunguzii kitu, ndugu yangu. Hata senti.

Najua jirani yako kakwambia yeye anaandika dola 80 kwa kila siku anayolala njiani. Hajakudanganya. Lakini lori ni lake, analipwa kwa 1099, fomu ya anayejitegemea, na mbele ya serikali yeye ni mfanyabiashara. Hiyo 80 ni kiwango cha chakula kwa watu wa usafirishaji, naye anaruhusiwa kuondoa asilimia 80 yake, yaani dola 64 kwa siku. Wewe umeajiriwa, una W-2, fomu ya mshahara anayotoa mwajiri. Zamani na sisi wa kampuni tulikuwa na haki ya kuandika gharama zetu. Sheria iliyotiwa sahihi Desemba 2017 ikaifuta kuanzia kodi ya mwaka 2018. Ilikuwa ifike mwisho 2025, tukawa tunahesabu miaka kama wafungwa. Julai mwaka jana ikaja sheria nyingine, mlango ukapigwa kufuli kabisa.

Unachopata ni kile kiasi cha jumla anachoondolewa kila mtu kwenye mapato kabla kodi haijapigwa: kwa 2025 ni dola 15,750 kwa asiye na ndoa, na 31,500 kwa mume na mke wanaojaza pamoja. Hakidai risiti hata moja. Ungekuwa mkaazi wa California au Pennsylvania ningekwambia uitunze bahasha, maana huko kodi ya jimbo bado inatambua gharama za mwajiriwa. Ohio kwako haimo.

Nakuandikia kwa urefu kwa sababu ya yule mjaza kodi uliyesema anakuahidi marejesho manono. Na mimi nilimpata wa kwangu. Nilipojaza kodi ya 2019 nilikwenda kwa bwana mmoja aliyesifiwa na madereva wote niliowajua. Hakuniuliza mengi. Alinitungia biashara ambayo sikuwa nayo, akaiandikia hasara, akaweka humo posho za siku mia mbili na kitu. Pesa zikarudi nyingi, nikamwona malaika. Baada ya miaka miwili ikaja barua ikiomba vielelezo vya hiyo biashara. Vielelezo vipi? Nilirudisha zile pesa, na riba, na adhabu ya asilimia 20 juu yake. Nilipompigia simu, namba ilikuwa haipatikani. Ndipo nikaitazama fomu kwa makini nikakuta sehemu ya mtayarishaji ipo tupu; sahihi ni yangu peke yangu. Anayelipwa kujaza fomu ya mtu analazimika kisheria kutia sahihi na kuandika namba yake ya PTIN, namba ya utambulisho ya mtayarishaji wa kodi. Mwambie huyo wako atie sahihi mbele yako, kisha umtazame usoni.

Kuhusu mama. Najua unamtumia kila mwezi, na inauma kusikia hili, lakini huwezi kumwandika kama mtegemezi wako. Kwa mzazi asiye raia, sheria inataka awe mkaazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Wala hizo pesa hazihesabiki kama sadaka. Ila kuna jambo dogo unaloweza kulikwepa: tangu Januari hii, ukituma kwa noti mkononi unakatwa asilimia 1 ya kodi. Ukituma kutoka akaunti yako ya benki au kadi yako ya benki ya hapa, hukatwi.

Sasa penye faida. Piga simu ofisini kwenu uulize kama wana mpango wa posho ya safari. Tuseme unalipwa senti 60 kwa maili; katika mpango huo senti 12 zinaweza kuitwa posho, na posho haitozwi kodi. Kwa maili 110,000 za mwaka, hizo ni dola 13,200 ambazo hazionekani kwenye mshahara wako unaotozwa kodi. Hiyo ndiyo njia iliyobaki kwa mtu kama wewe, nayo hupitia kwa mwajiri. Lakini usikimbilie. Mshahara ukipungua kwenye karatasi, benki nayo inasoma karatasi hiyohiyo siku ukiomba mkopo wa nyumba, na Social Security, yaani pensheni yako ya serikali ya uzeeni, inahesabiwa juu ya hicho kilichopungua. Tena soma vizuri: kampuni nyingine huchukua senti moja au mbili kwa maili kama ada ya mpango. Mimi nilikaa humo miaka mitatu, nikatoka nilipotaka kununua nyumba.

Na wakikwambia uendelee kuendesha lori lao ila wakulipe kwa 1099 "upate kuandika gharama", kataa. Utabeba mwenyewe asilimia 15.3 ya Social Security na Medicare, ile bima ya afya ya wazee, badala ya 7.65 unayokatwa sasa, na lori si lako, na ratiba si yako.

Lile tangazo la kupunguziwa kodi kwa saa za ziada lisikusumbue. Linahusu ovataimu ambayo sheria ya kazi inamlazimisha mwajiri kuilipa, na wengi wetu tunaovuka majimbo hatumo kwenye sheria hiyo. Tunalipwa maili, mtu akikaa saa tano kwenye ghala akingoja kushushiwa mzigo, hilo ni lake na Mungu wake.

Ukipata W-2, angalia chini kwenye visanduku vya majimbo. Hata ukipita majimbo thelathini, sheria ya shirikisho inasema dereva wa kuvuka majimbo hulipa kodi ya mapato ya jimbo anakoishi tu. Ukiona Illinois au Indiana imekukata, uliza mara moja. Usisahau pia kodi ya mji wa Columbus, asilimia 2.5; wageni wengi huigundua kwa kudaiwa.

Mwisho wa kujaza kodi ni Aprili 15. Ukiwa mbali unaweza kuomba muda wa kujaza hadi Oktoba 15, ila unachodaiwa kilipwe Aprili hiyohiyo.

Nina mzigo wa kushusha Columbus tarehe 19, asubuhi. Nikimaliza nitakupigia. Njoo na W-2 na stabu yako ya mwisho ya mshahara, bahasha uiache nyumbani. Msalimie mama ukiongea naye.

Wako wa siku zote.