Tuhamishieni faiba bila kutuadhibu

Mhariri,

Mkongo wa baharini wa SEACOM, unaoleta intaneti kutoka nje ya nchi, ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Lakini mtaani kwetu Temeke, intaneti ya nyumbani bado inapita kwenye waya wa shaba wa simu ya mezani. Kadiri nyumba ilivyo mbali na kituo cha simu, ndivyo kasi inavyopungua. Maji yakiingia kwenye maungio, ndiyo basi. Faiba, yaani nyuzi nyembamba za kioo, hubeba mwanga, haina tabu hizo.

Kinachoniuma ni namna kampuni ya simu inavyotuhamisha kutoka shaba kwenda faiba. Mimi, mteja wa miaka 12, niliambiwa nijaze fomu upya, ninunue ruta nyingine na niache namba ya simu ambayo ndugu zangu wote wanaijua. Kwa kosa gani? Kisha waya wa zamani ukakatwa kabla fundi wa faiba hajafika. Siku tisa binti yangu hakuwa na mtandao, na yuko katikati ya mitihani ya chuo.

Naiomba TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, iweke sharti: wateja wa zamani wahamishwe bure, wabaki na namba zao, na shaba isikatwe mpaka faiba iwake.

Mteja wa siku nyingi,
Temeke, Dar es Salaam