Msituchapishie ukungu mkauita ushahidi

Mhariri,

Nimeisoma habari yenu kuhusu kitu kinachong'aa kilichorekodiwa angani usiku, ile ambayo kichwa chake kiliuliza kama wageni kutoka sayari nyingine wameshafika. Video yenyewe nimeitazama zaidi ya mara kumi, nyingine nikiisimamisha picha kwa picha. Kilichomo ni doa jeupe kwenye giza. Linavimba, linasinyaa, linatetemeka, kisha linatoweka. Hakuna paa wala mti wa kulinganishia ukubwa, saa haikutajwa, na aliyerekodi hakusema alikuwa ameelekea upande gani. Swali la kama tuko peke yetu ulimwenguni nimelipenda tangu utotoni, ndiyo maana inaniuma kuliona likibebeshwa ushahidi wa namna hii.

Doa lile nalijua, kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kulirekodi. Ilikuwa jioni, jua limeshazama, na upande wa magharibi ilining'inia taa nyeupe kali ambayo sikukumbuka kuiona kabla. Nikatoa simu nikavuta picha mpaka ikagoma. Kwenye kioo ile nukta iligeuka sahani: duara kamili lenye ukingo, na ndani yake kitu kama mawimbi yanayocheza. Moyo ulinienda mbio. Siku mbili nilikaa na ile video nikiwaonyesha watu, hadi nilipoamua kurudi palepale, saa ileile, nikaikuta taa yangu imetulia mahali pake. Ilikuwa sayari ya Zuhura. Ile sahani ilitengenezwa na simu. Gizani kamera hukosa cha kushikilia, lenzi ikawa inakwenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta fokasi, na nukta ya mwanga iliyo nje ya fokasi hutanuka ikachukua umbo la tundu la lenzi. Tundu likiwa la mviringo utaona sahani. Likiwa la pembetatu, utaona pembetatu.

Hilo la pembetatu limetokea kweli. Mwaka 2019 mabaharia wa Jeshi la Majini la Marekani, wakiwa nje ya pwani ya California, walirekodi pembetatu za kijani zikimwekamweka juu ya meli. Video ilizunguka dunia nzima. Mei 17, 2022, Scott Bray, aliyekuwa naibu mkurugenzi wa ujasusi wa jeshi hilo, aliiambia kamati ya Baraza la Wawakilishi kwamba umbo lile lilitokana na mwanga kupita kwenye kifaa cha kuonea usiku kisha kunaswa na kamera, na kwamba vitu vyenyewe vilihusishwa na droni. Watu waliokuwa wameshawachora wageni ndani ya chombo cha pembe tatu sikuwaona wakirudi kusahihisha.

Hoja ninayoisikia kila mara ni hii: siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni, basi mambo haya yote hayawezi kuwa uzushi, lisemwalo lipo. Naomba tufanye hesabu kidogo. Kamera kuu ya simu huona upana wa pembe ya nyuzi 68 hivi, na video ya kawaida ina pikseli, yaani vijiraba vidogo vinavyounda picha, 1,920 kwa upana. Ukigawanya unapata kama pikseli 28 kwa kila nyuzi moja. Mwezi mpevu una upana wa nusu nyuzi tu, kwa hiyo unaambulia pikseli 14. Ndege ya abiria yenye urefu wa mita 40, ikiwa umbali wa kilomita 10, inapata pikseli 6. Chukua karatasi ya hesabu yenye vijiraba, ujaribu kuchora ndege ndani ya vijiraba sita. Haiwezekani, na ukivuta picha kwa vidole huongezi kitu: simu inavikuza vijiraba vilevile na kukisia kilicho katikati yake. Ubovu wa video hizi una sababu, na sababu hiyo haihitaji mtu wa sayari nyingine.

Najua nitaambiwa zipo video za jeshi. Zipo. Aprili 27, 2020, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa rasmi tatu zilizorekodiwa na marubani wake, moja ya mwaka 2004 na mbili za 2015. Ile inayoitwa GOFAST inaonyesha kinukta kikipita juu ya bahari kwa kasi ya kutisha. Tofauti na doa lenu, pembeni mwa kioo cha rubani mlikuwa na namba: kimo cha ndege, pembe ya kamera, umbali wa kitu. Jopo la wanasayansi lililoundwa na NASA lilizichukua namba hizo, na ripoti yake ya Septemba 2023 ilikadiria kuwa kitu kile kilikuwa kwenye kimo cha mita 4,000 hivi, mbali kabisa na uso wa maji, kikienda kilomita 64 hivi kwa saa. Huo ni mwendo ambao upepo wa huko juu unaweza kukisukuma. Kasi tuliyoiona ilikuwa ya ndege ya rubani. Ndivyo ilivyo ukiwa ndani ya basi: mti wa karibu unauona ukikimbia kinyumenyume dhidi ya vilima, na mti haujang'oka.

Tuliweza kujibu kwa sababu namba zilikuwepo. Pale zisipokuwepo, kitu hubaki bila jina, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya taarifa 12,618 za vitu visivyotambulika angani katika mradi wake ulioitwa Blue Book, uliofungwa mwaka 1969, na 701 zikabaki bila maelezo. Ripoti ya ujasusi wa Marekani ya Juni 2021 ilipitia taarifa 144 za namna hiyo na kuitambua kwa uhakika moja tu, puto kubwa lililokuwa likipungua hewa. Nimesoma waandishi wanaozitaja hizo 701 na hizo 143 kana kwamba ni idadi ya vyombo vya wageni. Ripoti ya 2021 yenyewe ilisema wazi kuwa taarifa zilizokuwepo hazikutosha. Anayepita gizani nisimtambue hajawa jini kwa sababu mimi sikuwa na taa.

Na hata picha inayoonekana safi inaweza kutudanganya muda mrefu. Picha iliyovuma kuliko zote katika wimbi la watu kudai wameona vyombo vya ajabu angani huko Ubelgiji ilipigwa mahali paitwapo Petit-Rechain mwaka 1990: pembetatu nyeusi, taa pembeni, taa katikati. Ilichunguzwa na watu wenye vifaa na elimu, ikasifiwa kwamba haina dosari. Mwaka 2011 aliyeitengeneza alijitokeza akasema ni kipande cha povu gumu la plastiki. Miaka 21! Huyo alihitaji rangi, taa na subira. Leo akili mnemba inatengeneza video ya sahani ikielea juu ya mji kabla maji ya chai hayajachemka.

Ukitaka kujua ushahidi mzuri hufananaje, kumbuka Chelyabinsk, Urusi, asubuhi ya Februari 15, 2013. Hakuna aliyejua kinakuja nini. Kimondo chenye upana wa mita 20 hivi kiliingia angani ghafla, na kikanaswa na kamera za magari na za ulinzi barabarani, watu wasiojuana, kutoka pande mbalimbali, nyingine zikiwa na saa iliyoandikwa kwenye picha. Wengine hawakunasa kimondo chenyewe bali vivuli vya nguzo vikizunguka ardhini, na hata hivyo vivuli vikatumika. Wanasayansi wakaunganisha pembe zile, wakachora njia yake angani na mzunguko wake wa awali kulizunguka jua. Kisha kipande cha zaidi ya kilo 500 kikatolewa ndani ya Ziwa Chebarkul. Jambo lililodumu sekunde chache, bila taarifa, liliacha video, vipimo na jiwe la kushika mkononi. Kwa nini vyombo vinavyodaiwa kututembelea tangu 1947 kila mara vipate shahidi mmoja, kamera moja na mkono unaotetemeka?

Siwadharau walioona. Rubani au mlinzi wa usiku anayesema ameona kitu asichokielewa anastahili kusikilizwa, maana akichekwa leo kesho atanyamaza, na siku hiyo pengine atakuwa ameona jambo la maana, hata kama ni droni tu karibu na njia ya ndege. Kumheshimu ni kumuuliza maswali. Tangu Mei 2019, kampuni ya SpaceX ilipoanza kurusha kwa makundi setilaiti zake za intaneti za Starlink, mlolongo wa taa zinazopita kimya umewashtua watu wengi wa kweli walioona kitu cha kweli. Saa na uelekeo vingetosha kuwapa jibu.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja kabla hamjachapisha video nyingine. Mdaini mwenye nayo faili halisi kutoka kwenye simu yake, siyo nakala iliyopitia WhatsApp mara tano, kwa sababu video ikipitia huko kwa kawaida hubanwa na maelezo ya saa na mahali hufutika. Muulizeni alisimama wapi, akaelekea wapi, dakika ipi. Mtafuteni mtu wa pili aliyekuwa mahali pengine. Programu za ramani ya nyota zipo za bure, na mwandishi wenu atachukua dakika tano kujua kama Zuhura au Mshtarii ilikuwa upande huo.

Kuhusu ile ya juzi, je, faili halisi mnalo? Kama mnalo, lichapisheni pamoja na saa na uelekeo, nami nitakaa nalo usiku kucha na kuwaandikia nilichokiona, hata kikiwa kitu nisichoweza kukieleza.

Msomaji wenu wa siku nyingi