Chupa imepasuka, lakini sijazaa

Kampala, wodini

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii itawakuta wazima, wewe na baba, shangazi, na majirani zetu wote hapo Tanga. Nimeona niandike kwa sababu sauti ninazotuma kwa simu naambiwa zinasikilizwa na ukumbi mzima, kila mtu anatoka na habari yake, na sasa mji wote unajua nimeshajifungua. Sijajifungua. Mpe Salim akusomee taratibu, na pale utakapotaka kubisha arudie.

Najua utabisha. Uliniuliza, "Chupa imepasuka, wanangoja nini? Mtoto si atakaukia humo?" Swali hilohilo nilimuuliza daktari usiku ule nikiwa nimelowa mpaka kwenye ndara, maana na mimi nimekulia kwako na nimeyasikia hayo ya uzazi mkavu tangu utotoni. Akanijibu kwamba kwa umri huu wa mimba, sehemu kubwa ya maji yale ni mkojo wa mtoto mwenyewe. Anameza, anakojoa, yanaongezeka. Yanavuja kweli, ila mapya nayo yanaingia. Altrasaundi imeonyesha maji ni machache, lakini yapo, na moyo wake unapiga vizuri.

Wanachongoja ni mapafu. Chupa ilipasuka nikiwa wiki ya 30, na mtoto wa wiki hizo mapafu yake bado hayajakomaa. Kwa hiyo nilichomwa deksamethasoni, miligramu 6 kila baada ya saa 12, sindano nne, ili mapafu yawahi kukomaa. Halafu kuna vidonge vya erithromaisini, vya miligramu 250, mara nne kwa siku kwa siku 10, vya kuzuia maambukizi maana mlango sasa uko wazi. Shangazi ameagiza niombe ile amoksilini yenye klavulaneti kwa kuwa ndiyo "kali". Mwambie kwa heshima zote za duka lake la dawa: hiyo hawampi mwenye hali yangu, imeonekana inawaletea vichanga njiti ugonjwa mbaya wa utumbo.

Ule uzi niliofungwa kwenye mlango wa kizazi, baada ya yule wa kwanza kututoka, wameukata. Nililia, sitakuficha. Niliuona kama ndio uliokuwa umemshikilia. Lakini uzi ukibaki huko wakati maji yanavuja unakaribisha wadudu, kwa hiyo wakasubiri sindano zimalizike kisha wakautoa.

Sasa kazi ni kulinda tu. Joto linapimwa kila zamu, mapigo yangu, mapigo ya mtoto, na tumbo linabonyezwa kuona kama linauma. Sista wa zamu ya asubuhi, mwenyeji wa Mbarara, mrefu kama mlingoti, hanisalimii kabla hajaiona pedi. Anaichukua na glavu zake, anaisogeza dirishani penye mwanga, anaigeuza, anainusa bila kukunja uso, anaandika kwenye faili. Hapo ndipo anasema, "Nnyabo," yaani bibie kwa Kiganda, "habari ya kulala?" Siku za mwanzo niliona aibu nikafumba macho. Sasa mimi mwenyewe ndiye ninayemwita aje aione. Maji meupe yasiyo na harufu ndiyo furaha yetu. Yakigeuka rangi, yakinuka, au nikipata homa, hakuna kungoja tena. Mtoto atatolewa siku hiyohiyo hata kama wiki hazijatosha, kwa sababu humo ndani patakuwa pabaya kuliko nje. Yote yakienda sawa tutajikokota mpaka wiki ya 34, kisha tukae na madaktari tuamue.

Na hakuna anayeniingiza vidole, Mama. Kuna kile chombo cha chuma, wanaangalia kwa macho tu, basi. Kwa hiyo ile dawa ya kujifukiza uliyoiandaa iache hapohapo ilipo. Hata huku jirani yangu aliniletea emmumbwa, ule udongo wenye dawa ambao wajawazito wa Kiganda huuloweka na kunywa maji yake. Nikampa shukrani na nikampa mkweo auondoe. Si dharau. Dawa nyingine zinaamsha uchungu, na uchungu ndio ninaoukimbia.

Kuja nyumbani ndiyo usinitajie kabisa. Karibu nusu ya wanawake waliopasukiwa na chupa mapema namna hii hujifungua ndani ya wiki moja. Mimi wiki hiyo nimeivuka, alhamdulillah, lakini uchungu unaweza kunijia saa yoyote, na kitovu kinaweza kutangulia mtoto hajatoka. Unataka kinitangulie kwenye basi, katikati ya Nairobi na Arusha?

Hapa siko peke yangu. Wifi analala kwenye mkeka chini ya kitanda, maana bila mtu wako wa kukuchotea maji wodi hii huiwezi. Mkweo anakuja jioni na katogo, zile ndizi za mchanganyiko za huku, kwenye hotpoti, anakaa, hasemi kitu, anasikiliza kama mtoto anacheza. Kitanda cha pili yupo mama mmoja wa Bukavu. Kiswahili chake na changu vinagongana lakini tunaelewana, na usiku ndiye anayeniuliza, "Unalala, dada?" Yeye chupa yake ilipasuka kama yangu, akazaa mapema, na sasa anashinda chumba cha njiti na mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kitenge. Hiyo wanaiita kangaruu. Ilianzia Bogotá, huko Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipozidiwa na vichanga mashine za joto zikawa hazitoshi. Juzi alinifunulia nimwone. Sikio lake lilikuwa laini limejikunja kama jani, na mguu mzima haukuzidi kidole changu cha kati. Anapumua mwenyewe, Mama. Nilimtazama mpaka wakanifukuza.

Usimtafute aliyenifanyia jambo hili. Yule wa kwanza alitoka kabla ya wakati wake, na aliyewahi kupata hayo yuko hatarini zaidi. Maambukizi nayo husababisha, kutokwa na damu pia, na mara nyingi hata daktari haoni sababu. Si ndoo niliyobeba, wala si jicho la mtu. Mke wa mjomba hajanifanya kitu, msalimie.

Ila Rukia mwambie, na mwambie leo, kwa kuwa na yeye ana mimba. Maji yakimtoka hawezi kuyazuia, hata kama ni kidogo kidogo, avae pedi safi, atazame rangi, aende hospitali siku hiyohiyo hata kama hana uchungu. Asioge kwa kujichovya, asilale na mumewe, asiweke kitu chochote ndani. Mimi kliniki moja ya mtaani iliniambia ni mkojo, nikarudishwa nyumbani. Kama si mkweo kung'ang'ania twende hospitali kubwa, sijui. Na Rukia akihisi kitu kama kamba kinatoka, yaani kitovu kimetangulia, apige magoti, kichwa chini na makalio juu, abebwe hivyohivyo.

Sasa mahitaji. Nitumie kanga zako zilizochakaa, zile laini ulizozifulia miaka mingi, tatu au nne. Mpya zina wanga na njiti ngozi yake haivumilii. Kofia ndogo za sufu, Bi Mkubwa wa jirani anajua kufuma, mwambie ukubwa wa chungwa. Mpe dereva wa basi anayemjua Salim, mkweo atazipokea stendi. Pesa msitume, msikope kwa ajili yangu.

Simu nipigie baada ya alasiri. Asubuhi madaktari wanapita na sipokei. Na nikiwa sipokei usiku, ujue nimelala ubavu wa kushoto nahesabu mateke yake, si kingine.

Tuombeeni dua. Baba mpe mkono.

Wasalaam,
mwanao Zainabu