Mwambieni daktari habari ya yale maziwa

Mkomani, Lamu

Shoga yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusikiliza mara tatu, na kila nikifika pale uliposema mdogo wako anajifunika blanketi mchana, katika joto hili la kaskazi, machozi yananitoka. Sikutaka kukujibu kwa simu. Nakuandikia karatasi, mwende nayo kwa daktari.

Kuugua kwangu wakujua, lakini sikuwahi kukusimulia nilivyochelewa. Nilipomzaa kitindamimba wangu nilitokwa na damu mpaka nikazimia. Nilipozinduka nilikuta natiwa chupa ya pili ya damu. Nikarudi nyumbani, watu wakashukuru Mungu kwamba nimenusurika. Maziwa hayakuja. Mama alinipa uji wa pilipili manga, akanipa supu ya pweza, nikakandwa mpaka arobaini ikatoka, na hata tone. Si kwamba yalikuwa machache, shoga: titi halikujaa hata siku moja. Mtoto akalelewa kwa maziwa ya kopo, mimi nikaambiwa nimepatwa na jicho. Hedhi nayo haikurudi, nikaona nimepumzishwa.

Mengine yalikuja polepole, kwa miaka sita. Baridi isiyoisha. Ngozi ikapauka na kukauka. Nywele za kwapani na za chini hazikuota tena (hili niliona haya kumwambia mtu yeyote, na ndilo lingenisaidia mapema). Nikiinuka kutoka kwenye sijda, dunia inazunguka. Nikichelewa kula natetemeka na kutoka jasho. Kila kituo nilichokwenda nilipeleka lalamiko moja: nikipeleka uchovu napewa vidonge vya kuongeza damu, nikipeleka baridi napimwa malaria. Mahali fulani walinipima TSH, kipimo cha tezi ya shingo, wakasema iko sawa, nikarudishwa. Hakuna aliyeniuliza nilijifungua vipi. Nami ningejuaje kwamba maziwa yaliyokosekana mwaka ule yana uhusiano na baridi ya leo?

Ni daktari mmoja wa Mombasa, mama mtu mzima, aliyeniuliza mambo matatu kabla hajanigusa. Uzazi wa mwisho ulitoka damu nyingi? Maziwa yalitoka? Siku zako zilirudi? Nilipomjibu aliweka kalamu chini, akanitazama.

Alinieleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi inaitwa pituitari, ndogo kama punje ya mbaazi, na ndiyo inayotoa amri kwa nyingine: tezi ya shingo, tezi za juu ya figo, ovari, na maziwa yenyewe. Mwanamke akiwa na mimba tezi hii hukua, inahitaji damu zaidi. Damu ikimwagika mno wakati wa kuzaa na presha ikaanguka, tezi yenyewe inakosa damu na sehemu yake inakufa. Aliyeeleza jambo hili ni daktari wa Uingereza, Harold Sheehan, mwaka 1937, na ugonjwa ukapewa jina lake. Picha ya kichwa changu ilionyesha mahali pa tezi karibu patupu.

Sasa sikiliza vizuri habari ya TSH, kwa sababu umesema mdogo wako naye ameambiwa yake ni sawa. TSH ni amri inayotoka kwenye pituitari hiyo hiyo. Pituitari ikiwa mbovu, namba yaweza kusomeka sawa hali tezi ya shingo imelala. Ombeni apimwe na T4, homoni ya tezi ya shingo yenyewe, na kotisoli, homoni ya tezi za juu ya figo, asubuhi mnamo saa mbili, na sodiamu (chumvi) ya damu. Na wasimwanzishie thairoksini, dawa ya tezi ya shingo, kabla kotisoli haijaangaliwa. Kotisoli ikiwa imepungua, huanzishwa kwanza haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, kwani thairoksini peke yake yaweza kumwangusha ghafla.

Simwagulii ugonjwa, daktari ndiye atakayesema. Lakini umenitajia mwenyewe kwamba alipojifungua wale pacha alitiwa damu. Kaa naye faraghani, usiku, watoto wakilala, umuulize kuhusu maziwa, hedhi na nywele, na uandike majibu pamoja na mwaka. Asiseme "nachoka" tu. Aanze na ule uzazi. Na akitapika, au akalegea na kuweweseka, msingoje miadi: mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, muwaambie mnahofia kotisoli imeshuka.

Mimi sijambo. Nameza haidrokotisoni nikiamka, na kidogo tena mchana. Nikipata homa nazidisha mara mbili kama nilivyofundishwa, na nikitapika nakwenda kuchomwa sindano. Ramadhani ndiyo iliyoniuma. Daktari alinikataza kufunga, nikalia, mpaka nikaenda kwa shekhe, akaniambia nitoe fidia na nisijiue. Natoa kila mwaka. Baridi imekwisha, jana nimelala darini bila shuka.

Niambie siku ya miadi. Nitavuka Mokowe alfajiri nipande basi la kwanza, niingie naye kwa daktari. Nisalimie mama, na pacha uwabusu kwa niaba yangu.

Shoga yako