Pembe zinazoanguka

Estes Park, Colorado
28 Septemba

Baba Mdogo, shikamoo.

Msalimie Mama Mdogo na wote hapo Iringa. Yule mnyama wa kwenye picha niliyokutumia si tandala wala pofu, ingawa naelewa kwa nini ulibisha. Ni elki, mnyama mkubwa mla majani wa huku Marekani. Washawnee, wenyeji wa asili wa bara hili, humwita wapiti, yaani mwenye nyuma nyeupe (neno lenyewe ni kali kidogo, nimelilainisha kwa heshima yako).

Kwa uzito anakaa kati ya hao wako wawili. Dume wa milima hii ana kilo 320 hivi, jike 225. Tandala mkubwa mara chache huvuka 300, ila pofu dume huweza kufika 900.

Tofauti yenyewe iko kichwani. Pembe ya tandala ni gamba gumu lililovikwa juu ya mfupa. Hukaa maisha yote, na ikivunjika haioti tena. Ya elki ni mfupa mtupu, nayo huanguka kila mwaka kati ya Februari na Aprili, kisha nyingine ikaanza kuchipua. Inapokua hufunikwa na ngozi laini yenye damu, na wakati wa joto huweza kurefuka sentimita 2 kwa siku. Agosti mfupa hukauka, dume akaisugua ngozi ile kwenye miti mpaka ining'inie vipande vipande. Jozi ya dume mkubwa hufika kilo 18. Majike hawana kabisa.

Wageni huhesabu matawi ya pembe wakidhani ni miaka. Wanakosea: matawi hutegemea pia lishe na afya, kwa hiyo madume wawili wenye matawi sita kila upande wanaweza kupishana umri sana.

Sasa ni msimu wa kupandana. Mlio wa dume huanza chini kama baragumu, ukapanda hadi mluzi mkali, ukaishia kwa kukoroma. Anajikojolea, anagaagaa matopeni, anachunga majike wake mchana na usiku, na kula anakula kidogo tu. Hapo usimwamini. Anayeumizwa mara nyingi ni mpiga picha aliyejiweka kati ya dume na majike bila kujua. Mei na Juni hatari huhamia kwa jike, kwani ameficha ndama majanini na hupiga kwa kwato za mbele.

Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, iliyo jirani yetu hapa, inataka umbali wa futi 75, urefu wa mabasi mawili. Kwa dubu na musi (yule mwenye pembe bapa kama koleo, ambaye Ulaya ndiye wanamwita elki) ni mabasi matatu. Ukiona masikio yamelala nyuma, kichwa kimeinuka na meno yanasagwa, umeshachelewa: ingia nyuma ya gari au mti mnene. Na mmoja akivuka barabara, usiondoe gari; wenzake wako nyuma.

Kuhusu pembe uliyoomba: ndani ya hifadhi kuokota ni kosa. Nje, upande huu wa magharibi wa barabara kuu ya I-25, kwenye ardhi ya umma kumefungwa kuanzia 1 Januari hadi 30 Aprili, maana wanyama wamekonda kwa baridi na kuwakimbiza huwamalizia mafuta ya mwisho. Basi ngoja Mei. Wakati huo uulize ofisi ya mifugo kama inaruhusiwa kuingia nchini, na kwa karatasi gani.

Mwanao