Wasimuliwe pia waliobeba mawe ya Pujini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme la Pujini, kijiji cha hapa Pemba chenye magofu ya kale.

Sikukuu ya pili niliwachukua wajukuu zangu wanne kutoka Wete, tukashuka Chake, tukapanda gari nyengine hadi kijijini. Mzee mmoja wa pale pale akakubali kututembeza kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba. Alitangulia na panga, akitukatia upupu njiani watoto wasije wakawashwa.

Mji ule wa karne ya 15 umemezwa na miti. Boma lake na handaki usipoonyeshwa utadhani ni matuta ya shamba. Tulifika kwenye kisima chenye ukuta kati. Mzee akasema Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasiotazamana, basi mmoja akiteka kwa ndoo na kamba, mwenzake akishuka ngazi, wasikutane. Watoto walicheka sana.

Kisha akasimulia ujenzi. Watu walibebeshwa mawe huku wakijiburura kwa makalio, kusimama marufuku. Jina lenyewe linasema: mkama ni mwenye kukama, na aliokuwa akiwakama ni wanaume wazima. Kicheko kikakatika. Mjukuu wangu wa darasa la nne akakaa kwenye majani, akapakata jiwe, akajaribu kujisogeza. Hakufika mbali.

"Bibi, hao walikuwa nani?"

Mzee ndiye aliyemjibu: "Ni wazee wetu sisi wa hapa."

Mhariri, jibu hilo sijawahi kulisikia popote Mkama Ndume anapotajwa. Tunamsifu kwa ngome, waliomjengea tunawapita. Naziomba skuli zetu za Pemba ziwapeleke watoto Pujini, na wakifika wasimuliwe habari za pande zote mbili. Kisimani na kwenye boma pawe na kibao cha Kiswahili kinachoeleza kipi kimejulikana kwa kuchimba na kipi tumepokea kwa mdomo. Vyote vina thamani, lakini mtoto asivichanganye.

Na ile miti iliyopanda juu ya kuta isikatwe ovyo. Mizizi imeshaingia baina ya mawe; ukiung'oa mzizi, ukuta unakuja nao. Waitwe wanaojua kazi hiyo.

Yule mzee naye arikodiwe sauti mwaka huu huu. Njia nzima alikuwa akisimama kupumzika, na bado alikuwa na mengi ya kusema tulipolazimika kuwahi gari ya mwisho.

Bibi wa wajukuu wanne,
Wete, Pemba